Mlinzi Aliyesikika Vyumba Viwili

Njia ya kwenda Usikizi sitaieleza, kwa kuwa sikuipita. Nilikuwa nimepiga magoti chumbani kwangu, adhuhuri ya Jumatano, nikimwomba Mungu anipe neno moja tu: kesho yake kliniki nijibu ndiyo au hapana. Walitaka kuniachisha kidonge cha kufubaza virusi vya UKIMWI ninachomeza kila siku, nilichokimeza miaka kumi na minne, wanipe sindano mpya ya kila baada ya miezi miwili. Nikainamisha kichwa. Nilipokiinua, magoti yangu yalikuwa kwenye vumbi jeupe la barabara nisiyoijua, jua liko utosini, na watu wote wa barabara ile wamesimama kimya, wametega masikio kwenye kuta za nyumba zao.

Hata kuku walikuwa wamesimama. Baada ya muda wa kutosha kusali Baba Yetu mara tatu, mwanamke aliyekuwa karibu nami alitoa sikio ukutani, akajifuta chokaa shavuni, akaniuliza kana kwamba tuliagana jana:

"Wako wamelala, dada?"

"Akina nani?"

Alinitazama kwa huruma. "Ingia ndani. Jua hili halina adabu."

Jina lake lilikuwa Sikitu, mpika vitumbua, mjane, umri wangu au kasoro kidogo. Alinikaribisha nikae kwake, nami nilikaa miezi mitatu kwa hesabu ya huko. Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, na yale niliyoyasikia tu nitasema kwamba niliyasikia.

Nyumba za Usikizi zote zina vyumba viwili na korido katikati. Chumba cha mbele ndicho chenye milango na madirisha. Chumba cha nyuma ni cha kazi: humo maji ya nyumba huchujwa, na chakula hutengwa na sumu yake kabla hakijaliwa. Nyumba ikianguka, mwenye nyumba haonekani tena. Hakuna anayemwuliza, wala hakuna matanga.

Katika nyumba nyingi za nchi ile ameingia mtu asiyealikwa. Wanamwita Mkaaji. Akishaingia hatoki, hata umwage maji ya moto, hata uite wazee wa dini. Wa chumba cha mbele kazi yake ni moja: akiwa macho, huwafungulia wezi milango. Havunji kitu mwenyewe. Anafungua tu, kisha anasimama pembeni akiwa amevaa nguo zako.

"Umemwona?" nilimwuliza Sikitu.

"Mara moja, kabla sijapewa mlinzi. Alikuwa amevaa kanga yangu ya harusi. Uso hana." Aligeuza kitumbua. "Sasa amelala. Sikiliza."

Nikasikiliza. Ko. Ko. Ko. Ndani ya korido mzee mrefu alikuwa akitembea kwenda na kurudi, akigonga sakafu kwa fimbo. Huyo ndiye mlinzi, Mzee Nalitolela. Mkaaji haondoki, lakini akiisikia fimbo hulala, na akiendelea kuisikia kila siku bila kukosa, huendelea kulala mpaka mwenye nyumba anazeeka kwa amani. Ndiyo maana saa saba mchana, Wakaaji wanapojigeuza usingizini, nchi nzima husimama na kutega masikio.

Mzee Nalitolela alikuwa na kasoro moja. Fimbo yake ilichimba sakafu. Korido ya Sikitu ilikuwa na mashimo kama ya bao, na Sikitu alikuwa ameteguka kifundo cha mguu mara mbili.

Wiki yangu ya kwanza alikuja Bwana Kilawe, Afisa wa Mbele. Maafisa wa Usikizi wanafungwa na sheria inayoitwa Sheria ya Shingo: afisa akiwa ndani ya nyumba ya mtu haruhusiwi kugeuza shingo kutazama chumba kisicho chake. Kwa hiyo maafisa wa mbele huvaa kofia zenye mabawa mawili ya ngozi yanayoziba macho pembeni, na wakimaliza kazi hutoka kinyumenyume. Maafisa wa nyuma huingia kwa mlango wa uani, nao wana kofia kama hizo hizo.

Bwana Kilawe alimtazama Mkaaji wa Mbele kupitia tundu la mlango, akaandika, akatabasamu.

"Mama Sikitu, habari njema. Huyu wako amelala kama mtoto aliyeshiba. Sasa tunaondoa walinzi wa fimbo. Tuna walinzi wapya. Anakuja mara moja, anasimama chumbani saa moja, anamkazia macho Mkaaji, basi. Miezi miwili humwoni."

"Na sakafu?"

"Anavaa soksi."

Sikitu alicheka mpaka akashika ubavu. "Weka jina langu. Mwandike na huyu mgeni wangu, ana uso wa mtu aliyechoka kugongewa."

Alikuwa amesema kweli. Wakati huohuo Mzee Nalitolela alisimama kunywa maji. Kwa muda wa mafunda matatu hakukuwa na fimbo. Ndipo nikasikia, nyuma ya mlango wa chumba cha nyuma, mtu akivuta pumzi ndefu, kama mtu anayetaka kuamka na bado hajakumbuka yuko wapi.

Mzee akaweka kata chini. Ko. Pumzi ikakatika.

"Bwana Afisa," nilisema, "umesikia huko nyuma?"

"Mimi sina shingo ya huko, mama."

"Mna uhakika hakuna mtu?"

"Chumba cha nyuma cha nyumba hii hakijafunguliwa. Hakijafunguliwa, kwa hiyo hakuna aliyeandikwa. Hakuna aliyeandikwa, kwa hiyo hakuna mtu." Alisema haya bila ubaya wowote, kama mtu anayekuonyesha njia ya sokoni.

"Ufunguo haupo?"

"Ufunguo upo. Fomu ndiyo haipo." Akatoka kinyumenyume, akimuaga Sikitu.

Nilimwomba Mzee Nalitolela anionyeshe barua yake ya kazi. Mimi kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye darasa la jioni la parokia, na bado nasoma kwa kuweka kidole chini ya neno. Nadhani walionitangulia walisoma mstari wa juu, ulioandikwa kwa herufi kubwa: MLINZI WA MBELE. Kidole changu kilishuka polepole mpaka chini kabisa, karibu na muhuri, na hapo nikakuta: Atatembea kwenye korido, asikike vyumba vyote viwili.

"Mzee, unalijua hili?"

"Nalijua."

"Mbona husemi?"

"Sijaulizwa," alisema. "Mlinzi wa fimbo hasemi, anagonga."

Nilimsomea Sikitu mstari ule. Alitwaa ufagio, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Dada Eufrasia, nakuheshimu. Mkaaji mmoja umenikuta naye, na majirani wananijua naye. Miaka mingapi nimehangaika mpaka watu wakakubali kununua vitumbua vyangu? Sasa unataka kuniletea wa pili?"

"Simleti mimi. Nimemsikia."

"Umesikia panya."

"Panya havuti pumzi namna ile."

"Basi ni wewe umezoea kusali sana, unasikia mengi." Baadaye aliniletea uji, ukiwa na sukari zaidi ya kawaida, na sikuligusia tena jambo lile. Hapo nilikosa. Nilijiambia ni heshima ya mgeni, lakini ilikuwa woga.

Jumanne iliyofuata alikuja mlinzi mpya, kijana nadhifu mwenye soksi nyeupe. Alisimama chumba cha mbele saa moja akimkazia macho Mkaaji, na nakiri alifanya kazi nzuri. Mkaaji wa Mbele alizama usingizini kuliko zamani. Mzee Nalitolela alipewa mkono wa kwaheri. Alitia fimbo kwapani, akaondoka bila kuigusisha ardhini. Korido ikawa kimya, na Sikitu akatandika mkeka mpya juu ya mashimo.

Wiki ya kwanza haikutokea kitu, wala ya pili. Sikitu alikuwa akinitania: "Panya wako kahama?" Wiki ya tano aliacha kula. Alisema harufu ya mafuta inamchefua, yeye aliyekaanga vitumbua miaka ishirini. Wiki ya sita nilichota maji mtungini yakatoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Niliyamwaga, nikachota tena, yakatoka vilevile. Na kuta, zilizokuwa nyeupe kwa chokaa, zilianza kuwa manjano kuanzia uani kuja mbele, kidogo kila siku, kama nguo inayolowa taratibu.

Siku moja saa saba mchana, nchi nzima ikiwa imesimama, Sikitu alikuwa amelala kitandani mbele yangu, macho yamefumba, manjano hata kwenye kope. Ndipo nilipomsikia akiongea kutoka chumba cha nyuma. Ilikuwa sauti yake hasa, na kikohozi chake kidogo cha kabla ya kusema.

"Dada Eufrasia," ilisema, "huyu hapo kitandani ni nani?"

Nilisali nikiwa nimeshika rozari kwa mikono miwili. Sauti ilingoja nimalize. Kisha ikaanza kukwangua ukuta, bila haraka, kama mtu anayekwangua ukoko wa wali.

Nilikwenda barazani. Baraza la Usikizi hukaa uwanjani, maafisa wa mbele upande huu na maafisa wa nyuma upande ule, wamepeana migongo ili Sheria ya Shingo isivunjwe. Anayezungumza huzungumza na hewa iliyo mbele yake, na jibu humfikia kutoka kisogoni. Niliomba nafasi, nikasoma barua ya Mzee Nalitolela kwa kidole, mpaka muhuri. Kisha nikaeleza kuhusu kuta na maji.

Bwana Kilawe alisimama. "Nimemtazama Mkaaji wa Mbele wa nyumba hiyo jana. Amelala vizuri sana. Kwa upande wetu nyumba hiyo ni ya mfano."

"Inaanguka," nilisema.

"Inaanguka ikiwa ya mfano."

Kutoka upande wa pili alijibu Bi Mwanakheri, Afisa wa Nyuma, mwanamke mwenye sauti ya upole. "Sisi kazi yetu ni kutuma mlinzi kwenye nyumba zilizoandikwa kwetu. Nyumba ya Sikitu haimo. Ingekuwamo, ningekuja jana."

"Iandikeni."

"Anayeandikisha ni Afisa wa Mbele, akiona dalili."

"Afisa wa Mbele haruhusiwi kutazama nyuma," alisema Kilawe.

"Ndivyo ilivyo," alisema Bi Mwanakheri, na wote wawili wakaonekana kufarijika kwamba hawagombani.

Muuza mkaa mmoja alipaza sauti kutoka kwa watazamaji: "Kilawe, shingo yako imekaza hivyo tangu lini? Hata mkeo akikuita unageuka na mwili mzima kama gogo." Watu walicheka, na Kilawe naye alicheka kidogo, kwa heshima.

Kisha alisimama mzee mmoja wa baraza aliyesifiwa kwa hekima. Alisema suala ni moja tu: huyo Mkaaji wa Nyuma, je, alikuwepo tangu mwanzo? "Kama alikuwepo, mbona miaka yote hakuamka?"

"Kwa sababu Mzee Nalitolela alikuwa akigonga," nilisema.

"Hiyo ni dhana. Njia ya kuthibitisha ni kumwondoa mlinzi, tuone."

"Mmekwisha kumwondoa."

"Basi subira," alisema mzee. "Nyumba ikianguka tutajua alikuwepo."

Waliandika neno lile. Nilitazama kuona nani amepinga, na sikumwona. Sidhani walikuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa ametunza chumba chake vizuri, na jioni walikuwa wakienda kulala bila deni moyoni.

Bi Mwanakheri alinifuata nje, akitazama mbele, mabawa ya kofia yakimziba. Alisema kwa sauti ya chini: "Kuna mlango mmoja sheria haikuuziba, mama. Mwenye nyumba akisimama kizingitini kwake saa saba, watu wametega masikio, akatamka kwa kinywa chake kwamba anao wawili, mlinzi wa fimbo lazima arudi siku hiyohiyo. Wengi hawajui."

"Kwa nini hamwaambii?"

"Tunaambia wanaouliza."

Nilirudi nikamweleza Sikitu. Alikuwa amevimba tumbo, na mikono imekonda. Alisikiliza, kisha akageukia ukutani, ukuta ule wa manjano.

"Watasema nyumba ya Sikitu ni gesti."

"Watasema."

"Vitumbua hatanunua mtu."

"Huenda."

"Wewe ungesema?"

Swali lile liliniingia kama mwiba. Nilipiga magoti pale kitandani, nikamwomba Mungu kwa sauti, nikataja habari zangu zote: Mkaaji wangu wa Mbele na miaka yake kumi na minne, kidonge changu, na chumba changu cha nyuma ambacho sikuwahi kuuliza kama kina mtu. Niliposema amina, chumba cha nyuma kilinyamaza. Kilikuwa kikisikiliza.

"Nishike mkono," alisema Sikitu.

Saa saba mchana tulisimama kizingitini. Barabara nzima masikio ukutani. Alikohoa kikohozi chake kidogo, na kutoka nyuma ya nyumba kikohozi kilekile kikamwitikia. Watu walisikia. Nilimwona jirani akijiziba mdomo.

"Mimi Sikitu binti Mbonde," alisema. "Ninao wawili. Wa mbele mnamjua. Wa nyuma nilimficha hata mimi mwenyewe. Namtaka mlinzi wangu."

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa saa ile hakuna anayesema. Lakini kutoka mwisho wa barabara nilisikia fimbo. Mzee Nalitolela alikuja akigonga tangu mbali, kana kwamba alikuwa amekaa nyuma ya kona miezi ile yote. Aliingia koridoni, akakunja mkeka mpya, akauweka pembeni. Kisha alichana kipande cha mpira wa ndara kuukuu, akakifunga chini ya fimbo kwa kamba.

"Hii ingeweza kufanywa zamani?" nilimwuliza.

"Ingeweza."

"Sikuulizwa," Sikitu alimalizia kutoka kitandani, akiiga sauti yake, na huo ulikuwa utani wake wa kwanza baada ya wiki tano.

Sauti ya fimbo ilikuwa nzito zaidi sasa, bila kuchimba. Ukutani kukwangua kuliendelea siku tatu. Siku ya nne kukawa kwa vipindi. Baadaye tukasikia pumzi ndefu, na baada yake fimbo peke yake. Maji yalirudi kuwa meupe kabla mwezi haujaisha. Kuta nazo zilirudi, isipokuwa kona moja ya uani iliyobaki na ufa na rangi ya manjano. Sikitu hakuipaka chokaa. Vitumbua vyake, wiki mbili nzima, hakuna aliyenunua. Kisha alikuja jirani yule aliyejiziba mdomo, akanunua viwili, akauliza kwa kunong'ona jinsi ya kutamka maneno yale.

Bwana Kilawe aliandika kwamba Mkaaji wa Mbele amelala. Bi Mwanakheri aliandika kwamba Mkaaji wa Nyuma amelala. Mzee Nalitolela hakuandikwa popote.

Siku ya kuondoka kwangu jua lilikuwa utosini kama siku ya kufika. Nilipita barabara ile watu wakiwa wametega masikio. Na katika kila nyumba ya tatu au ya nne nilimwona kijana nadhifu mwenye soksi nyeupe akiingia, na mzee akitoka, fimbo kwapani. Wazee wale walijipanga kando ya barabara mmoja nyuma ya mwingine, mpaka upeo wa macho, na hakuna fimbo hata moja iliyogusa ardhi. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Katika zile nyumba huenda nyingi hazikuwa na mtu nyuma. Ila hakuna aliyefungua mlango kutazama.

Nilipiga magoti pale. Nilipoinua kichwa nilikuwa chumbani kwangu, rozari mkononi, na jua la adhuhuri dirishani.

Kesho yake kliniki muuguzi alikuwa amekwisha kuandaa karatasi. Ni binti mpole, tunaitana majina.

"Mama Eufrasia, tunaanza sindano leo? Utapumzika na vidonge."

"Kabla hamjamwondoa mlinzi wangu," nilisema, "nifungulieni chumba cha nyuma."

"Mama?"

"Nipimeni homa ya ini, ile ya B. Nimeshapimwa?"

Alifungua faili langu. Alilipekua kutoka mbele hadi nyuma, kisha akarudi kutoka nyuma hadi mbele, polepole, kidole chake chini ya maneno. "Hujapimwa," alisema, akainuka, akanitoa damu.

Nilikaa kwenye benchi. Niliweka kiganja upande wa kulia, chini ya mbavu, nikatega sikio langu lote huko ndani. Watu walipita, mlango ulifungwa na kufunguliwa. Ilikuwa karibu saa saba.

Alirudi ameshika kipimo kidogo cha damu, akakaa kando yangu badala ya kwenda mezani kwake.

"Mama Eufrasia," alisema, "hiyo B unayo, na kidonge chako cha kila siku kinaizuia nayo; usikiache hata siku moja mpaka umwone daktari. Umekuja nacho?"

Nilikuwa nacho mfukoni, kimefungwa kwenye leso. Aliniletea maji. Nilikimeza mbele yake, na chini ya kiganja changu nikasikia, mbali sana, hatua ya kwanza ya fimbo.